Vitabu Vilivyovaa Mifuko ya Simenti

Wiki mbili zilizopita fundi anayenijengea jiko hapa Pongwe alichana mfuko wa simenti kwa ncha ya mwiko, akaumimina, kisha akautupa mfuko mtupu karibu na miguu yangu. Nikauokota, nikaunusa. Fundi alinitazama kwa jicho la kuniuliza kama niko sawa, na simlaumu, maana mama mzima mwenye watoto wawili hatarajiwi kunusa mifuko ya simenti mchana kweupe. Lakini lile vumbi kavu linalokwaruza pua, likichanganyika na karatasi iliyochomwa na jua, kwangu mimi ni harufu ya vitabu vipya. Najua wengi wenu vitabu vipya huwanukia wino. Ngoja niwaeleze kwa nini mimi niko hivi.

Nilikulia Nguvumali, huko Tanga, kwa bibi yangu mzaa baba, na kila Januari nyumba zote za mtaa wetu zilikuwa na kazi moja, nayo ni kuyavisha madaftari. Waliojiweza walinunua karatasi za kaki dukani. Sisi wengine tulitumia mifuko ya simenti, kwa sababu kila ukoo ulikuwa na mtu wake kule kwenye kiwanda cha simenti, au anayejenga, au anayemjua anayejenga. Mfuko ulikung'utwa, ukapanguswa kwa kitambaa chenye maji, ukageuzwa ndani nje ili maandishi yasionekane, ndipo ukakatwa. Daftari lisilo na kava halikuingia darasani, na mwenye daftari alibaki nje nalo. Tulikua tukiamini kabisa kwamba karatasi ikiachwa uchi itapatwa na jambo.

Nilipokuwa darasa la tano shule yetu ililetewa maboksi ya vitabu. Vilitoka kwa wafadhili ambao hatukuwahi kuwaona, na havikuwa vya kiada, jambo lililotushangaza sana. Sisi tulizoea kwamba kitabu ni cha Hesabu au cha Sayansi, na kwamba kipo ili ukishindwa kujibu upigwe. Hivi vilikuwa vya kila mtu na vya kila kitu. Vilikuwepo vya watoto wasiojua kusoma, vyenye mbuzi na mipira ya rangi. Vilikuwepo vya kina mama wajawazito, vya ushonaji, vya kufuga nyuki, vya nyota, vya mirathi, na hadithi za mapenzi ambazo mwalimu mkuu alizikagua mwenyewe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Na kulikuwa na kimoja cha viumbe wa baharini. Nilikifunua mara moja tu, nikakutana na pweza amejaa ukurasa mzima, na chini yake pameandikwa kwamba pweza ana mioyo mitatu. Mitatu! Mimi pweza nilimjua katika sufuria ya tui la nazi, na sikuwahi kuuona moyo wake hata mmoja. Nilitaka kuendelea, kengele ikalia.

Mwalimu Tumaini, aliyekuja kwetu kutoka milimani Lushoto na aliyekuwa akitufundisha Kiswahili, ndiye aliyeomba stoo ya zamani ya majembe iwe chumba cha vitabu, na kifunguliwe kila Jumamosi kwa watu wote wa mtaa, wakubwa kwa wadogo. Akaruhusiwa. Siku mbili kabla ya kufungua akaitwa kwenye mkutano mjini. Mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, akapita darasani kwetu akasema vitabu vya watu visije vikachafuka, wasichana tufanye kama tunavyofanya kwa madaftari yetu.

Tukafanya, na tulifanya vizuri mno. Gundi ya karatasi haikuwepo, basi tukapika uji mzito wa unga wa ngano, tukapaka mgongo, mbele na nyuma, tukabandika karatasi ya simenti na kuikandamiza kwa viganja mpaka ikashika. Mchana kutwa tulipiga chafya na kuimba. Kufika alasiri vitabu zaidi ya mia mbili vilikuwa vimepangwa rafuni, nadhifu, vyote rangi moja, na hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kujua kipi ni kipi bila kukifunua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuhusu hilo. Daftari la mtu lina jina lake, na mwenyewe analijua hata gizani, kwa hiyo hatukuona tatizo.

Mwalimu Tumaini aliporudi alisimama mlangoni akavitazama. Akachukua kimoja, akajaribu kubandua pembe, jalada likaanza kuchanika pamoja na kava. Akakirudisha. Kisha akaketi juu ya boksi tupu akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, na sisi tukacheka naye bila kujua tunachekea nini.

Jumamosi ya kwanza watu walikuja kuchungulia. Ya pili walianza kuazima. Sisi watoto tulikuwa na sheria yetu: kuchagua kimoja tu, bila kupekua vingine, maana tungemaliza asubuhi nzima tukichafua kurasa. Unanyoosha mkono, unachukua, unaandikiwa namba, unakwenda nacho nyumbani hujui umebeba nini. Hamwezi kuamini utamu wake. Nilikuwa nakimbia nimekikumbatia kitabu kifuani, nikifika barazani moyo unanidunda, nafunua: ushonaji wa suruali. Nikausoma. Wiki nyingine: namna ya kumnyonyesha mtoto. Nikaisoma pia, nikaenda kumshauri jirani yetu aliyejifungua, nikafukuzwa. Fundi seremala wa mtaa wa pili aliokota hadithi ya mapenzi, akairudisha akisema haimfai, na Jumamosi iliyofuata akaomba kwa sauti ya chini kama ipo nyingine ya namna ile.

Na bibi yangu naye akawa anakwenda. Lazima niwatambulishe kwa bibi yangu. Mtaa mzima ulimwita Maalim, kwa sababu alikuwa na chuo barazani kwetu na nusu ya Nguvumali ilijifunza Kurani mbele ya kifimbo chake. Alizaliwa Pemba, akaolewa Tanga, na kwa dada zake kule Pemba aliandika barua ndefu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, haraka haraka, bila kunyanyua kalamu. Watu walimletea ndoto awafasirie na watoto awape majina. Kwangu mimi hapakuwa na maandishi duniani ambayo Bibi asingeyaweza. Akinipa karatasi ya hospitali au risiti ya dukani akasema, "Nisomee, mke mwenzangu, miwani yangu sijui nimeiweka wapi," nilimsomea, na haikunijia kichwani kwamba msahafu aliusoma kila alfajiri bila miwani.

Alikuja Jumamosi akishamaliza chuo, na baibui lake na mfuko wa kitambaa. Mwalimu Tumaini alisimama, akampa shikamoo kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, wakanong'ona, akapewa kitabu kikaingia mfukoni. Nyumbani kilikaa rafu ya juu, pamoja na msahafu, mahali ambapo mkono wa mtoto haukufika wala haukuthubutu. Alasiri, saa ya sisi kucheza, alivuta pazia la chumbani akasoma. Nilipopita dirishani nilimsikia akinong'ona pole pole, anarudia, anarudia, nikadhani ni uradi. Nikawaambia wenzangu kwamba bibi yangu anasoma kitabu kizito, kinamchukua wiki hata tano. Pembe ya kitabu hicho ilipata alama ya dole la manjano kutoka jikoni.

Mimi wakati huo nilikuwa na shida yangu. Nilimtaka pweza. Jumamosi baada ya Jumamosi nilinyoosha mkono nikapata mirathi, nikapata nyuzi, nikapata tena mirathi ileile. Nikamwendea Mwalimu Tumaini nikamwambia kwa adabu kwamba vitabu viandikwe juu, kila mtu apate chake. Hati yangu ilikuwa ikisifiwa shule nzima na nilikuwa tayari kuifanya kazi hiyo bure. Akaniambia, "Wacha vikae hivyo, mwanangu." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Watu wanasoma. Si ndicho tulichotaka?" Nikaona ni uvivu wa watu wazima, ule ule wa siku zote.

Basi ikatokea wiki moja vitabu vyote vikarudishwa kwa ajili ya ukaguzi, na Ijumaa zamu ya kukifagia chumba ikawa yangu. Nilikuwa na ufunguo, nilikuwa na kalamu nene ya wino wa buluu, na nilikuwa na alasiri nzima. Nilifagia kwa dakika tano. Kisha nikachukua kitabu kimoja kimoja, nikafunua, nikatazama, nikakifunga, na juu ya kava nikaandika kwa herufi kubwa kitabu hicho ni cha nani. WATOTO WA CHEKECHEA. WAJAWAZITO. MAFUNDI. WAFUGAJI WA NYUKI. WATU WAZIMA TU. Palipo na shaka niliandika WENGINEO. Pweza nilimpata katikati ya rafu ya pili, na nikamwandikia WANASAYANSI ili wapumbavu wasimguse. Niliondoka na vidole vya buluu, nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi nilikuwa wa kwanza kufika. Nilimchukua pweza wangu nikasimama naye karibu na mlango kungojea sifa. Mwalimu Tumaini alikuwa bado yuko ofisini kwa mwalimu mkuu, chumba kimefunguliwa na mlinzi, na watu wakaanza kuingia na kusifu kweli. Mama Zubeda, muuza bajia wetu, mwanamke mwema mwenye sauti ya kusikika mitaa mitatu, alipiga makofi. "Sasa ndiyo imekuwa maktaba," akasema. Ndipo Bibi akaingia. Akasalimia, akaenda moja kwa moja rafuni, akatazama pembe za vitabu, akaiona alama yake ya manjano, akakitoa, akakiweka mezani akisubiri kuandikiwa. Hakuyatazama maandishi ya juu. Alitazama ile alama tu.

Mwalimu Tumaini aliingia wakati huo huo. Namkumbuka alivyosimama, macho yakipita rafu hadi rafu, yakafika mezani. Alipiga hatua kama anataka kukifunika kitabu kwa mkono, lakini Mama Zubeda alikuwa karibu zaidi.

"Lo, Maalim! Hiki mbona kimeandikwa watoto wa chekechea?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Walidhani amekosea. Bibi alikitazama kitabu, kisha akacheka na yeye kidogo.

"Namchukulia mjukuu wangu," akasema.

Wote wakageuka kunitazama. Na mimi, niliyeshika kitabu cha wanasayansi mbele ya mtaa mzima, damu ikanipanda. Nikasema kwa sauti ambayo hata sasa naisikia, "Mimi? Bibi, mimi niko darasa la tano! Hicho cha watoto wasiojua kusoma!"

"Basi nimekosea," Bibi akasema. Akakirudisha kitabu taratibu mahali pake, akakisawazisha na wenzake, akanyoosha mkono akachukua kinene kuliko vyote. Kilikuwa cha nyuki. Mwalimu Tumaini akakiandika namba bila kunyanyua uso. Bibi akaaga, akatoka na mfuko wake mzito.

Mwalimu aliniita pembeni. Nilingoja kiboko. Akauliza nani amenituma. Nikasema hakuna, nimejitolea. "Umejitolea," akarudia, akitazama nje alikopita Bibi. Nilitamani anichape ili nijue kosa. Jumatatu nilikuta anabandika karatasi mpya za simenti juu ya maandishi yangu, peke yake, kitabu baada ya kitabu. Nilinuna wiki nzima kwa hati yangu iliyozikwa.

Lakini Bibi hakuacha kwenda. Tangu siku ile aliazima vinene tu. Na hakusoma tena ndani. Alikaa barazani, uso njiani, kitabu kimefunuka mapajani, wapita njia wakisema, "Maalim, unasoma!" naye akiitikia, "Tunasoma, alhamdulillahi." Kwangu ilikuwa neema. Nilimkalia miguuni nikamwomba anihadithie yaliyomo, naye akanihadithia. Kutoka kile cha nyuki nilijua kwamba malkia wa nyuki hapokei mgeni mpaka mgeni avae shela jeupe na aje na chetezo cha udi. Nilijua kwamba vyumba vyao vina kuta sita ili kila ndugu apate wa kumwegemea, na kwamba nyuki wakigombana hutundikwa juu ya mti ndani ya sanduku mpaka wapatane. Sijapata kusikia habari tamu kama zile. Niliwaambia wanafunzi wenzangu, niliwaambia walimu, nilijivuna mtaa mzima kwamba bibi yangu anasoma vitabu ambavyo baba zao hawaviwezi.

Sasa njooni nami karibu zaidi, kwenye miaka hii. Kikundi chetu cha kina mama hapa Pongwe kiliamua kufuga nyuki. Kwenye mkutano wa kwanza akaja afisa nyuki, kijana mpole, na kabla hajamaliza kujitambulisha mimi nilikuwa nimeshasimama kuwaeleza wenzangu habari za malkia na udi na kuta sita. Yule kijana alitabasamu akaniuliza nimeyasoma wapi. Nikamjibu kitabuni. Akauliza kitabu gani. Mnanijua sasa: siku ya pili yake nilikuwa njiani kwenda Nguvumali kumletea ushahidi.

Chumba bado kipo, na kitabu bado kipo. Nilikaa kwenye benchi nikakisoma ukurasa kwa ukurasa nikimtafuta malkia wangu. Hakuwepo. Nikadhani kuna kurasa zimenyofoka, nikahesabu, zote zilikuwepo. Nikaanza upya, safari hii nikitazama picha. Palikuwa na mtu amevaa nguo nyeupe na wavu usoni, ameshika kopo linalotoa moshi. Palikuwa na sega, vyumba vyake vya pembe sita vimebanana. Palikuwa na mzinga wa sanduku umening'inia mtini. Kila habari niliyopewa na Bibi ilikuwa na picha yake, na maneno ya chini ya picha hayakusema hata moja kati ya zile habari.

Nilikaa pale mpaka mwalimu wa zamu akaniuliza kama nahitaji maji. Yote yalinijia kwa mpigo: miwani isiyoonekana, pazia, kule kunong'ona, wiki tano kwa kitabu kimoja chembamba. Bibi yangu, aliyewafundisha kusoma watu wasio na idadi, alikuwa ameanza upya na herufi za shuleni akiwa mtu mzima, kwa kitabu cha mbuzi na mipira, na Mwalimu Tumaini aliyaacha makava matupu makusudi, ili mtu wa heshima yake aweze kupita barabarani na kitabu kile bila kuulizwa. Nilidhani nimeandika habari za vitabu. Kumbe nilikuwa nimeandika habari za watu wanaovibeba. Na maandishi yale pengine angeweza kuyapuuza, kama si mimi kuuziba hata ule mlango mdogo aliojaribu kutokea. Kwa miaka yote ile alibeba vinene asivyoweza kuvisoma, akanitungia yaliyomo, na mimi nikamshukuru.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwake. Ni mzee sana sasa, na bado wanafunzi wakikosea barazani huwasahihisha kutoka kitandani. Nilimpa shikamoo, nikaketi, nikamwambia nimekisoma kile cha nyuki. Akacheka kimya kimya mpaka mabega yakatikisika. Nikamuuliza alikuwa akitafuta nini katika kile kitabu kidogo. "Watoto wangu walikuwa wakimaliza chuo wanakimbilia huko kwenye vitabu mbio mbio," akasema. "Nikataka kujua kuna nini ndani." Alikuwa amefika katikati yake. Nikamwambia kwamba tulilala chumba kimoja, kwa nini hakuniambia mimi, ningemfundisha.

"Ungenifundisha, mke mwenzangu," akasema. "Na Nguvumali nzima ingejua nimefika ukurasa wa ngapi."

Nilicheka, kwa sababu ni kweli tupu. Kisha nikalia, na yeye akaniacha nilie, akinipigapiga mgongoni kwa kiganja kile kile kilichotupigapiga sote. Haya yote nayaandika kwa idhini yake. Anasema aibu ile imezeeka kuliko yeye na haimdhuru tena. Lakini siku ile nilimuuliza na swali jingine, naye akanijibu, na tangu hapo kila Ijumaa baada ya alasiri nakwenda kwake tunakaa wawili tu. Mnataka kujua tunafanya nini. Najua mnataka, hata mimi ningetaka. Sisemi.